Chembe Yuko Gotini

Mwalimu mkuu alipotangaza kikaoni kwamba muhula huu shule itapokea msimulizi wa hadithi, walimu walipiga makofi. Mwalimu wa darasa la tano hakupiga. Alikuwa anasahihisha madaftari chinichini, kalamu nyekundu mkononi, sikio moja tu kikaoni. Kisha mwalimu mkuu akaanza kumweleza mgeni mwenyewe: mzee aliyezunguka na kikundi cha maigizo miaka mingi, sauti yake imewahi kusikika redioni, watoto wakimwona mara moja hawabanduki kwake.

Kalamu ikasimama juu ya daftari.

"Atakuja kila Alhamisi," mwalimu mkuu akaendelea, "na ataanza na darasa la tano, maana kwenye sayansi ndilo lililotutoa jasho."

Wenzake wakacheka, mmoja akampiga kiwiko cha urafiki. Alitabasamu kwa meno tu. Wanafunzi walikuwa wamembandika jina la Madamu Rula, kwa sababu hakuandika neno ubaoni kabla ya kupiga mstari, na kwa sababu, kwa maelezo yao, mwenyewe alinyooka vivyo hivyo. Siku hiyo hakuweza kunyooka. Alibadilisha mkao, akakunja mguu, akaukunjua. Msimulizi aliyekuwa anasifiwa alikuwa baba yake mzazi.

Kikao kilipovunjika alimfuata mwalimu mkuu ofisini.

"Mpeleke darasa lingine, tafadhali."

"Kwani ana tatizo gani?"

"Hana tatizo. Ana miguu."

Mwalimu mkuu alidhani ni utani, akacheka, akageukia simu iliyokuwa inaita. Ratiba ikabaki kama ilivyopangwa.

Mtaani kwao baba alijulikana kama Kiguunjia. Jina lilitoka kwa mama mkwe wake, na halikuwa sifa. Alikuwa akirudi nyumbani bila taarifa, begi begani, nyumba inajaa kicheko, anakaa kitandani kwa binti yake na kuanza hadithi. Mpishi kajifungia ndani ya chungu chake mwenyewe. Mfalme kamkodisha jirani kivuli. Hadithi ikifika pale roho inapopanda juu, baba anasema, "Kesho tutaendelea," anamfunika shuka. Kesho yake begi halipo. Binti alikua na kichwa kilichojaa hadithi zisizo na mikia. Kuna siku, mtu mzima na kazi yake, alijikuta amesimama jikoni akiwaza yule mpishi alitokaje.

Jioni ile ya kikao alipitia kwa mama yake. Mama alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kazi kilitazama barabara. Alikuwa mtu wa kukaa. Dunia nzima ilipita mbele ya mlango wake, yeye akipindisha pindo na kukata uzi kwa meno.

"Mama, baba anakuja kufundisha shuleni kwetu."

"Nimesikia." Cherehani haikusimama.

"Atakuja kweli?"

"Siku ya kwanza atakuja. Kwenye mwanzo baba yako hana mpinzani."

"Na wewe unasema hivyo umetulia tu!"

"Mwanangu, baba yako ni mvua. Ikinyesha kinga ndoo. Isiponyesha, usiyatukane mawingu, utachoka shingo bure. Nipe huo mkasi."

Akampa mkasi. Lakini yeye hakuwahi kuwa mtu wa kukinga ndoo. Alitembea hadi kwake akiongea peke yake.

Alhamisi ya kwanza baba alifika kabla ya kengele. Alisimama getini, nywele nyeupe, viatu vya vumbi, mikono wazi kama mtu aliyekuja harusini.

"Mwanangu!"

"Baba, shikamoo. Hapa mimi ni mwalimu."

"Marahaba. Haya, mwalimu wangu. Leo tunasoma nini?"

"Mzunguko wa damu. Moyo, mapafu, mishipa. Darasa zima lilifeli."

Aliingia naye darasani. Baba akatazama mchoro uliobandikwa ukutani, mishale myekundu huku, mishale ya bluu kule, akakwaruza kidevu.

"Wajukuu zangu, humu ndani nani anakwenda wapi?"

Kisha mkono ukapanda, wa msichana mmoja mwembamba wa dawati la mbele. Wenzake walimwita Kwanini, kwa kuwa hakuna jibu lililowahi kumtosha.

"Damu inakwenda kwenye moyo. Halafu inatoka. Lakini kwa nini itoke kama imeshafika?"

Baba alimtazama kwa furaha ya mtu aliyekutana na ndugu yake stendi. "Swali hilo," akasema, "haliwezi kujibiwa na watu waliokaa. Nje wote!"

Madamu Rula alifungua kinywa kupinga, madawati yakawa yameshabaki matupu.

Huko nje baba alikuwa ameshaomba chokaa ya kuchorea uwanja wa mpira. Akachora mtu kwenye uwanja wa kukusanyikia, mtu mkubwa aliyelala chali, kichwa upande wa bendera, miguu upande wa vyoo. Katikati akaweka moyo wenye vyumba vyake, pembeni mapafu. Begini mwake akatoa mfuko wa vizibo vya soda, vyekundu na vya bluu. Vyekundu, akaeleza, ni hewa safi, vya bluu ni hewa iliyotumika. Kisha akawasimulia habari za Chembe, chembe nyekundu mmoja wa damu, tarishi kwa kazi yake, aliyezaliwa ndani ya mfupa na kupewa mzigo kabla hajajua kusalimia.

"Na Chembe haruhusiwi kukaa," akasema kwa sauti ile ya redioni. "Akikaa yeye, kidole gumba kule mguuni kinakosa hewa, kinaanza kutukana."

Watoto wakakimbia. Walitoka mapafuni na vizibo vyekundu, wakapita moyoni, wakateremka hadi kwenye kidole gumba, wakabadilisha, wakarudi na vya bluu. Mvulana mnene aliyechaguliwa kuwa kidole gumba alipiga kelele, "Nakufa! Leteni hewa!" hadi mlinzi wa geti akaja kuangalia kuna nini. Waliopita mlango usio wao moyoni walirudishwa na wenzao. Hakuna aliyewafokea. Kwanini alisimama ghafla katikati ya mshipa, wengine wakamgonga.

"Nimejua!" akapiga ukelele. "Inatoka kwa sababu ikibaki, wengine hawapati!"

Madamu Rula alikuwa amesimama kando, mikono ameikunja kifuani. Miezi yote alikuwa amewaeleza jambo hilohilo kwa rula na chaki za rangi mbili. Alipaswa kufurahi. Alifurahi, hadi alipoyaona macho ya watoto. Yalikuwa macho yake mwenyewe, akiwa kitandani, shuka kidevuni.

Tangu siku hiyo Alhamisi ikamvuruga wiki. Kuanzia Jumatano alikuwa akipitia njia ya getini hata kama hana shida huko. Akisikia pikipiki inapunguza mwendo, anachungulia dirishani. Kila Alhamisi baba alikuja, na kila alipokuja, binti alishusha pumzi na papo hapo akaanza kuhofia Alhamisi inayofuata. Wenzake walimpongeza. Mwalimu wa lugha alisema darasa la tano sasa wanaandika insha bila kusukumwa, wanagombana kabisa kuhusu njia ya kutoka ini hadi moyo. Yule kidole gumba, ambaye hakuwa akimaliza hata sentensi, aliandika ukurasa mzima wa manung'uniko.

"Baba yako ni hazina," mwalimu mkuu akamwambia.

"Ndiyo," akajibu, huku macho yake yakiwa getini.

Kisha ikaja Alhamisi ya goti. Siku hiyo baba alikuwa moto wa kuotea mbali. Alisimulia jinsi Chembe alivyokuwa akiteremka mguuni na mzigo wake, akipiga mluzi, mara ardhi ikatikisika. Mwenye mwili, mtoto mmoja mkaidi, alikuwa amekimbia kwenye kokoto akaanguka. Goti likachanika. Wenzake Chembe waliokuwa mbele walianza kupotea mmoja baada ya mwingine, wanavutwa nje. Chembe akashika ukuta wa mshipa. Mbele yake akaona kitu ambacho hakuna chembe aliyewahi kukiona akarudi kusimulia.

"Akaona mwanga," baba akanong'ona.

Kengele ikalia.

"Aaah!" darasa zima.

"Alhamisi ijayo," baba akasema, akachukua begi lake, na alipompita binti yake mlangoni alimkonyeza. Binti hakukonyeza. Aliliona begi. Lilikuwa limejaa kuliko siku zote.

Alhamisi iliyofuata watoto walitoka nje wenyewe, wakapanga vizibo, wakakaa kuzunguka goti. Muda ukaenda. Madamu Rula alipiga simu, ile sauti ya mashine ikamwambia namba haipatikani. Akapiga tena huku anatembea, kutoka ukuta wa ofisi hadi bomba la maji, kutoka bomba hadi ukuta.

"Madamu, Babu yuko wapi?"

"Atakuja."

"Lini?"

Watoto walianza kusukumana. Wawili wakapigania nani atakuwa Chembe, mwingine akafuta goti kwa mguu kwa makusudi, mwenzake akalia. Kidole gumba akatamka kwa sauti lile ambalo wote walikuwa wanaliogopa: "Hadithi imekufa. Chembe kashatoka nje, amekauka."

"Hajakauka!" Madamu Rula akasikia sauti yake mwenyewe, kali kuliko alivyotaka. "Kaeni chini wote. Nitaimalizia mimi."

Walikaa, lakini walimtazama kama wanaotazama dawa.

Alianza vibaya. "Ngozi ikipata jeraha, damu huganda. Kazi hiyo hufanywa na chembe sahani, ambazo ni vipande vidogo vya..."

"Madamu," Kwanini akamkatiza kwa upole, "hicho ni kitabu."

Jasho likamtoka mwalimu. Alitamani kuingia darasani, kufunga mlango, kupiga mistari. Badala yake miguu ikaanza kwenda. Alitembea juu ya paja la yule mtu wa chokaa, akageuka, akarudi, na katika kutembea huko maneno yakapata mwendo.

"Chembe alipoona mwanga," akasema, "alitaka kwenda. Msimcheke. Tangu azaliwe anazunguka njia ileile, leo kuna mlango. Akaachia ukuta. Lakini pembezoni mwa mshipa kulikuwa na watu ambao Chembe alizoea kuwapita bila hata salamu. Wadogo, bapa, wamenyamaza. Wanaitwa chembe sahani. Kila siku anawapita mbio, anajiuliza, hawa nao kazi yao nini? Kumbe walikuwa mafundi cherehani."

"Eeeh!" mtu akasema.

"Goti lilipochanika hawakupiga kelele. Mmoja alisogea kwenye mpasuko akakaa. Akaja wa pili, akamshika mwenzake. Wa tatu. Wakatoa nyuzi, wakaanza kushona kutoka ndani. Nje upepo, vumbi, vijidudu vimepanga foleni vinataka kuingia, na wao wanashona. Chembe akaja mbio anataka kutoka, akawagonga. 'Nipisheni!' Yule fundi wa mwisho, mama mmoja mtu mzima, hakuinua hata kichwa. Akamwambia, 'Mwanangu, sisi tukiinuka hapa, mwili wote unamwagika. Wewe una mzigo. Kidole gumba kinakungoja. Nenda kazini.'"

Alijikuta amesimama. Hakuwa ametarajia kwamba atamsikia mama yake waziwazi namna ile katikati ya somo la sayansi.

"Akaenda?" Kwanini akauliza, taratibu.

"Akaenda. Na wale mafundi wakabaki palepale wakashikana hadi wakakauka wakawa kigaga. Ndicho hicho mnachobandua kila siku na mimi nawakataza."

Mvulana mmoja, ambaye goti lake lilikuwa na kigaga kibichi, akakifunika kwa kiganja kama mtu anayeficha ndege. Kidole gumba akapiga ukelele wa kushukuru. Wakacheza sehemu ile hadi kengele, na safari hii waligombea kuwa mafundi.

Baada ya masomo alienda moja kwa moja kwa mama yake, hasira bado ya moto.

"Kaondoka, sivyo?"

"Alipita kuchukua koti," mama akasema. "Mwenzao mmoja wa maigizo amekaukiwa sauti, wakamwita ashike nafasi yake. Akacheza huku na huku hapo mlangoni kama kuku anayetaka kutaga. Nikamwambia nenda basi, unanizibia mwanga."

"Na watoto wangu?"

"Uliwafanyaje?"

Akamsimulia. Alipofika kwa yule mama asiyeinua kichwa, cherehani ikasimama. Ni mara chache ilisimama kabla ya uzi kuisha.

"Umewaambia watoto wa watu mimi ni damu?"

"Nimewaambia ni fundi."

"Wasije kuniandika kwenye mtihani." Akakaza macho kwenye sindano kwa muda. "Halafu yule fundi hakuwa na haja ya kumfukuza mwenzake. Angemwambia tu apite polepole." Akarudisha mguu kwenye kanyagio.

Wiki iliyofuata baba alirudi, ametoka safari moja kwa moja, vumbi hadi kwenye nyusi, mfuko wa peremende mkononi. Aliwakuta watoto wamekaa kuzunguka goti.

"Wajukuu zangu! Tulimwacha Chembe wapi?"

"Hadithi imeisha," Kwanini akasema.

Baba akacheka. "Imeishaje, na mimi sijaimaliza?"

"Madamu ameimaliza."

Kicheko kikabaki usoni bila mwenyewe. Akamtazama binti yake, ambaye alikuwa ameegemea nguzo ya bendera na hakusaidia.

"Mpeni sehemu," Madamu Rula akasema.

Watoto wakashauriana kwa kunong'ona. Kisha kidole gumba akamshika mzee mkono, akamketisha juu ya mpasuko wa goti. "Wewe ni sahani. Kazi yako ni kukaa. Ukiinuka damu inamwagika."

Mchezo ukaanza. Chembe wakapita mbio kushoto na kulia kwake. Msimulizi mdogo alikuwa Kwanini, na alikuwa anakosea: kaliruka ini, kausahau mlango wa moyo. Baba akainuka kumrekebisha.

"Damu!" wakapiga kelele wote. "Babu, umeacha kidonda wazi!"

Akaketi. Goti lake lilianza kutetemeka, vidole vikapiga ngoma kwenye vumbi. Baadaye kidogo akainuka tena, safari hii nusu, wakamzomea tena. Binti alimtazama shingo inavyomtoka mishipa. Hakuwa amewahi kumwona baba yake akisikiliza hadithi ya mtu mwingine kutoka mwanzo. Ilikuwa kama kumtazama mtu akibeba gunia. Kwanini alipofika kwa yule mama anayeshona bila kuinua kichwa, vidole vya mzee vikaacha kupiga ngoma. Alijua. Hakugeuka kumtazama binti yake, ila alibaki amekaa hadi mwisho, na walipomaliza mvulana mmoja ilibidi amvute kumwinua.

Walikutana kwenye bomba la maji, baba ananawa uso.

"Umeisimulia vizuri," akasema. "Ingawa ungechelewesha kidogo pale kwenye mwanga. Watu wanapenda mwanga."

"Baba, ukitaka kuondoka tena, niambie mimi."

"Nikikwambia utanishika shati."

"Sitakushika. Nitajiandaa. Nina watoto arobaini na kitu wanakaa kwenye goti wanakungoja, siwezi kutembea kutoka ukutani hadi bombani kila Alhamisi. Nimechoka."

Baba alifunga bomba, likaendelea kudondosha, akalifunga tena. Alionekana anatafuta utani, mkono wake ukipapasa mfukoni kana kwamba utani umo mle. Hakuupata.

"Haya," akasema.

Muhula ulibaki mfupi, na alikuja Alhamisi zote zilizosalia. Madamu Rula hakuacha kuchungulia getini. Mtihani wa sayansi ulipokuja, darasa la tano halikufanya maajabu. Wapo waliochanganya ateri na vena kama kawaida. Lakini swali la mzunguko wa damu hakuna aliyeliacha wazi, na kuhusu kuganda kwa damu mmoja aliandika: "Chembe sahani ni mafundi wanaoshona ngozi wakiwa ndani, na mtu asiwapite bila salamu." Mwalimu aliishika kalamu nyekundu juu ya jibu hilo muda mrefu. Mwishowe akalipa alama zote, akafunga daftari haraka kabla hajabadili mawazo.

Baba aliondoka shule zilipofungwa. Safari hii alikuja hadi mlango wa ofisi ya walimu, begi begani, akasimama kizingitini mguu mmoja ndani mmoja nje.

"Mwalimu wangu, ninaondoka kesho asubuhi."

"Nimesikia, baba. Asante kwa kuniambia. Safari njema."

Aliendelea kusimama pale, kana kwamba alitarajia zaidi ya hapo au kidogo kuliko hapo. Kisha akaenda, na binti akaenda dirishani kumtazama akikata uwanja, akapita pale alipolala yule mtu wa chokaa, ambaye mvua ilikuwa imemfuta kichwa.

Muhula mpya ulianza na mfumo wa chakula. Mwalimu mkuu alisema msimulizi mwingine hajapatikana. Alhamisi ya kwanza Madamu Rula alibeba chokaa mwenyewe, akachora tumbo na utumbo wake, mistari imepinda vibaya, watoto wakamcheka. Alikuwa amefika mahali ambapo kipande cha mkate, mtu mwenye majivuno sana, kinagundua mlango wa nyuma umefungwa, simu ikaita. Alitaka kuikata. Akaona jina.

"Baba? Niko darasani."

"Najua. Leo si Alhamisi?" Nyuma yake kulisikika injini na watu wanapakia vitu. "Nilitaka tu kuuliza. Sasa mmefika wapi?"

Hakuwahi kuulizwa naye swali kama hilo. Alisogea pembeni, kiganja sikioni, akitafuta mahali penye utulivu asipapate.

"Tuko tumboni. Mkate umekwama."

"Umekwamaje?"

"Madamuuu!" watoto wakaita. "Tunaozea humu ndani!"

"Wanaita," baba akasema. "Nenda. Mimi nangoja hapahapa kwenye simu."

"Usingoje, itachukua muda."

"Nina muda."

Alisita. Kisha akampa Kwanini simu aishike juu, sauti ikiwa wazi, akarudi kati ya watoto, akaanza kutembea.